Mama aliposhindwa kurudisha chenji

Mama ameuza mboga Buruburu, Nairobi, tangu nikiwa shule ya msingi, na hesabu zote alizipiga kichwani. Siku moja nilimkuta ameshika noti ya shilingi 200, mteja amechukua sukuma ya 30, naye anaikodolea tu, hajui arudishe ngapi. Tukasema ni uchovu wa kudamkia soko la Marikiti. Neno hilo lilitupotezea karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo, ikiwa una mzazi aliyezeeka na unahofia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu (dementia), usianze kwa kuhesabu anavyosahau. Hata mimi husahau funguo. Angalia ile kazi aliyoizoea. Mpishi wa chapati wa miaka yote sasa anauliza chumvi inatiwa lini. Aliyepanda matatu namba 58 kutoka mjini kila siku anashukia steji isiyo yake na kusimama pale, hajui aelekee wapi. Anatuma pesa zilezile kwa M-Pesa mara mbili. Jina la jirani likimtoka kisha likamrudia jioni, usitishike. Lakini akirudia swali lilelile baada ya dakika 5, kana kwamba hajawahi kuliuliza, liandike. Ya utotoni atakusimulia vizuri tu. Hilo lisikutulize, maana kwa kawaida mambo mapya ndiyo hutangulia kupotea.

Tabia nayo hubadilika. Mama alishikilia kwamba dada wa kazi anamwibia leso, tukamfukuza binti wa watu. Leso tulizikuta ndani ya sufuria, zimekunjwa vizuri. Mpaka leo linaniuma.

Weka daftari: tarehe, saa, kilichotokea. Usimtahini mbele ya wageni kwa kumuuliza "mimi ni nani?" Unamwaibisha bure.

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, mkimbize hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni kiharusi, malaria au maambukizi ya mkojo. Hata anayebadilika polepole huenda ana shida inayotibika: tezi ya shingo iliyolegea kazi, upungufu wa vitamini B12, sonona, au dawa zinazogongana. Ukiambiwa "ni uzee tu" kabla hajapimwa hata damu, tafuta daktari mwingine.

Siku ya kliniki beba dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, na umwache ajibu mwenyewe kwanza. Mama aliambiwa achore saa ya ukutani. Namba zote alizirundika upande mmoja, akaiweka kalamu chini na kunitazama. Nikamshika mkono. Daktari akaniomba lile daftari.