Kufuli la pili si notisi

Nimekuwa keateka, yaani msimamizi, wa ploti ya vyumba vya kupanga huku Kisauni, Mombasa, miaka kumi na miwili, na kufuli la pili, lile la kumfungia nje mpangaji anayedaiwa kodi, nimewahi kulitia mara moja tu. Mwenye nyumba alinituma, nikaenda. Mama wa chumba namba nne akarudi magharibi na mtoto mgongoni, dawa ya kifua ya mtoto iko ndani, mezani. Alidaiwa miezi miwili, kweli. Lakini nilifungua usiku uleule, na tangu hapo kazi hiyo siifanyi.

Wewe unayehamia, anza kabla ya kushusha godoro. Piga picha za ukuta, sinki, dirisha na mita. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa wa daftari: kodi ni ngapi, inalipwa tarehe gani, depoziti ni ngapi na inarudi lini. Ukilipa kwa M-Pesa, tuma kwa namba iliyo kwenye makubaliano, si ya shemeji yake mwenye nyumba. Nimeona pesa za shemeji zikikanwa mchana kweupe.

Paa, kuta za nje, mitaro mikuu, ngazi na choo cha pamoja ni mzigo wa mwenye nyumba. Kioo ulichovunja na sinki ulilolizibisha kwa ugali ni vyako. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ni uchakavu wa kawaida, depoziti isikatwe kwa ajili yake. Matundu kumi ya misumari ya kutundikia TV, hapo tutazungumza. Paa likivuja, andika ujumbe wenye tarehe na picha. Usigome kulipa kodi kwa hasira, maana mbele ya hakimu utaanza kuonekana wewe ndiye mkosaji.

Sasa notisi, maana hapa ndipo wengi huteleza. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema mpangaji asiye na mkataba ulioandikwa, akilipa kila mwezi, ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Notisi yake isipungue mwezi mmoja, tena iishe siku ya kulipa kodi. Tuseme unalipa tarehe 5, na barua umepewa 20 Machi. Mwezi unatimia 20 Aprili, lakini siku ya kodi inayofuata ni 5 Mei; hiyo ndiyo siku ya kutoka. Nawe ukitaka kuhama, hesabu ni hiyohiyo. Kumwambia keateka "natoka kesho" langoni si notisi.

Notisi ikiisha na mtu hajatoka, mwenye nyumba aende mahakamani kutafuta amri. Kama kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kesi ni ya baraza la kudhibiti kodi za nyumba, na huko kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa la jinai. Duka au hoteli ina sheria yake: notisi ya fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili.

Kung'oa mlango, kuezua mabati, kukata maji, yote hayo si njia. Vitu vya kufidia kodi hukamatwa na dalali mwenye leseni, si vijana wa maskani. Chifu na mzee wa mtaa wapatanishe, na mara nyingi wanafaulu, ila hawana mamlaka ya kumtoa mtu nyumbani.

Ukikuta umefungiwa, usivunje. Piga picha kufuli, ita jirani ashuhudie, nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha uende mahakamani na risiti zako.

Mama wa namba nne tulikaa naye na mwenye nyumba, depoziti ikafuta mwezi mmoja, wa pili akalipa kidogokidogo. Siku ya kutoka tulizunguka chumba pamoja, tukasoma mita ya maji, tukaandika, sote watatu tukatia sahihi. Funguo alinikabidhi mkononi, na karatasi ile ningali nayo.