Uko Marekani na F-1 (viza ya mwanafunzi), umepata intanshipu? Soma hii kabla hujaripoti

Kila ikikaribia samaa (likizo ya kiangazi) napata meseji ileile, "kaka nimepata intanshipu naanza jumatatu, kuna karatasi yoyote inahitajika?" Ipo ndugu yangu, na kama ni jumatatu hii basi umeshachelewa.

Shida ni kwamba nyumbani tumezoea fildi ya barua, yaani chuo kinakupa barua ya utambulisho, unazunguka nayo maofisini, wakikupokea kesho yake umekaa kwenye kiti. Huku barua ya ofa ni ya kampuni tu, viza yako inasema mwanafunzi, na ruhusa ya kufanya kazi nje ya chuo lazima uwe nayo mkononi kabla ya siku ya kwanza.

Ukiwa bado unasoma, ruhusa yenyewe inaitwa CPT. Anayeitoa ni DSO, yule ofisa wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni, huhitaji kuomba uhamiaji wala kuwalipa hata senti. Ila masharti yapo: uwe umesoma fultaimu mwaka mzima wa masomo (wa masters na PhD wanasamehewa kama programu yao inamlazimisha kila mtu kwenda fildi mapema), kazi iendane na kozi yako, na iwe sehemu ya mtaala. Hapo kwenye mtaala ndo vyuo vingi vinakwambia sajili kozi ya intanshipu, na samaa hizo kredit unalipia, kwaio uliza ada mapema usije ukashtukia bili kubwa kuliko mshahara.

DSO akikubali anakupa I-20 mpya (ile fomu ya chuo inayoonyesha wewe ni mwanafunzi wa F-1), ukurasa wa pili imeandikwa jina la mwajiri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na kama ni patitaimu (masaa 20 kwa wiki au chini) au fultaimu. Zisome hizo tarehe kama unavyosoma tiketi ya ndege. Mimi HR waliniambia njoo siku mbili kabla, ni orientesheni tu, nikataka kwenda kwa heshima zetu zile za kutokataa mwito, bahati nzuri nikamuuliza DSO kwanza akanijibu neno moja, usiende. Na ukibadilisha kampuni unaanza upya, ile I-20 haihami na wewe.

Wengine wanasema mimi silipwi kwahiyo hainihusu. Kwenye kampuni ya biashara kutolipwa hakukufanyi kuwa voluntia, we omba CPT tu ulale usingizi.

Kingine, ukifikisha miezi 12 ya CPT ya fultaimu umepoteza OPT ya ngazi hiyo ya masomo, patitaimu haihesabiwi. Na OPT ndo ile miezi 12 ya kazi ambayo wengi wanaitumia wakimaliza chuo, hii sasa inapitia USCIS, yaani uhamiaji wao, kwa fomu I-765, unaweza kutuma kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza programu mpaka siku 60 baada, na huanzi kazi bila EAD, kadi ya ruhusa ya kazi. Ukishaanza, siku za kukaa bila kazi zisizidi 90 jumla. Waliosoma STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi, hesabu) wanaweza kuongeza miezi 24, mwajiri awe kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi.

Sasa wewe uliyeko Dar au Nairobi, hizi hazikuhusu, yako ni J-1 ya intern, viza ya mabadilishano ya kuja kufanya intanshipu: uwe unasoma chuo nje ya Marekani au umemaliza ndani ya miezi 12, upate sponsa anayetambuliwa na wizara yao ya mambo ya nje akupe DS-2019 (fomu ya kuombea viza hiyo), na mpango wa mafunzo DS-7002 usainiwe. Kulea watoto au wazee hakuruhusiwi kwenye hiyo, kwaio wakala akikuahidi J-1 ya intern ya kutunza wazee, kimbia na hela yako.

Ah, na payslip ya kwanza iangalie vizuri. Mwenye F-1 ndani ya miaka yake 5 ya mwanzo kwa kawaida hakatwi Social Security wala Medicare (makato ya pensheni na ya matibabu ya wazee), hiyo ni 7.65%, na HR wengi hawajui wanakata tu. Waambie wakurudishie, ni hela ya mchele hiyo.