Namna ya Kutibu Ugonjwa wa Macho Mekundu kwa Ng'ombe wa Nyama

Ugonjwa wa macho mekundu husababishwa hasa na bakteria aitwaye Moraxella bovis, ambaye hujishikiza juu ya konea, yaani kioo cha jicho, kisha hutoa sumu inayoua seli zake na kuacha kidonda. Nzi, vumbi, majani makavu marefu na jua kali humrahisishia kazi. Ndama na mitamba huugua zaidi kuliko ng'ombe wazima, na hapo ndipo hasara ya mfugaji wa nyama inapoanzia, kwa sababu ndama mwenye maumivu ya jicho hula kidogo na huchelewa kuongeza uzito.

Hatua ya kwanza: mtambue mgonjwa mapema.
Pita katikati ya kundi wakati jua limepanda, kwani mwanga ndio unaomfichua mgonjwa: atasimama kivulini akiwa amefumba jicho moja, na shavuni pana mchirizi wa machozi ambamo nzi wamejazana. Mnyama anayechuruzika machozi leo anatibika kwa urahisi. Ukimwacha hadi jicho ligeuke jeupe lote, utakuwa unapigania kuliokoa.

Hatua ya pili: mfunge na ulichunguze jicho.
Mwingize kwenye kibanio, fungia kichwa upande mmoja kwa hatamu, kisha vuta kope taratibu na umulike kwa tochi kutoka pembeni. Unachokitafuta ni doa jeupe au la kijivu karibu na katikati ya konea, ambalo mwanzoni huweza kuwa dogo kama kichwa cha pini. Daktari wa mifugo akidondosha rangi ya fluoreseini, kidonda hung'aa kijani. Angalia pia chini ya kope, kwa kuwa punje ya jani iliyonasa huleta dalili zilezile na hakuna sindano itakayoiondoa. Weupe unaoanzia ukingoni mwa konea katika macho yote mawili, ukiambatana na homa kali na makamasi, ni dalili ya ugonjwa mwingine. Mwite daktari mara moja.

Hatua ya tatu: safisha.
Vaa glavu na uoshe jicho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita moja, ukitumia pamba mpya kwa kila jicho. Badilisha glavu kabla ya kumshika mnyama mwingine, maana mikono ya mtabibu hueneza bakteria hawa sawasawa na nzi. Usinyunyize jichoni sukari, chumvi kavu wala unga wowote, kwa sababu chembe zake hukwaruza konea ambayo tayari ina kidonda.

Hatua ya nne: toa dawa.
Sindano ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu, yaani antibiotiki inayodumu mwilini, ndiyo ninayoanza nayo, kwa kiwango cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 20, hiyo ni mililita 1 kwa kila kilo 10, ikigawanywa sehemu mbalimbali za mwili kama lebo inavyoelekeza. Daktari anaweza kuagiza sindano ya pili baada ya saa 48 hadi 72, pamoja na dawa ya kutuliza maumivu. Marhamu ya jicho hufaa pia, lakini huoshwa na machozi upesi, hivyo huhitaji kurudiwa mara kadhaa kwa siku, jambo gumu kwa ng'ombe wa malishoni. Jihadhari na marhamu zenye steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) kama deksamethasoni: zinaweza kuzuia kidonda kupona na hata kusababisha konea itoboke. Andika tarehe ya sindano, na usimpeleke mnyama machinjioni kabla ya muda uliotajwa kwenye lebo kuisha.

Hatua ya tano: lifunike jicho.
Kata kiraka cha kitambaa kizito, kipake gundi ya viraka vya mifugo pembezoni tu, ukibandike juu ya manyoya yanayolizunguka jicho na kuacha upande wa chini wazi ili machozi yatoke. Kiraka hukinga mwanga na nzi kwa pamoja, na huanguka chenyewe baadaye.

Hatua ya sita: lishughulikie kundi.
Mtenge mgonjwa, kisha wapake au wanyunyizie wengine wote dawa ya nzi, uondoe samadi iliyorundikana, na ufyeke majani yenye masuke yanayowachoma usoni. Chanjo zipo, ila zisitegemewe peke yake, kwa kuwa aina za bakteria ni nyingi na kinga ya moja haimzuii mwingine.

Hatua ya saba: fuatilia.
Mishipa myekundu itakayotambaa kutoka ukingoni kuelekea kidondani isikutishe, kwani ndiyo inayoponya. Lakini konea ikivimba mbele kama ncha, au mnyama akiendelea kufumba jicho siku tatu baada ya sindano, mrudishe kwa daktari. Kovu jeupe hufifia polepole kwa majuma kadhaa, na doa dogo likibaki, mnyama ataendelea kuona na kunenepa.