King'amuzi cha kurekodi ambacho mzee atakiweza mwenyewe

Kila Ramadhani baba yangu alikuwa akikosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwa kuwa saa hiyo yuko msikitini kwa tarawehe. Nikamnunulia king'amuzi cha antena chenye kurekodi. Kilikuwa na mambo mengi, lakini hakuwahi kukitumia bila kunipigia simu. Cha pili nilikichagua kwa kukijaribu dukani, na hicho anakitumia peke yake.

Mwombe muuzaji akiunganishe kwenye TV na antena, uchomeke flashi yako. Fungua ratiba ya vipindi, chagua kipindi cha baadaye, bonyeza kurekodi. Kikikubali kwa kubonyeza mara moja au mbili, kinafaa. Kikikutaka uandike mwenyewe tarehe na saa, kiache, hata kama bei yake ni nzuri.

Nasema hivyo kwa sababu ya saa. Habari ni saa mbili, kwa hiyo baba aliandika 02:00, na kile king'amuzi cha kwanza kikaichukulia kuwa saa nane usiku. Tulipomwelekeza aandike 20:00, kikarekodi saa tano usiku, kwani saa yake ilikuwa bado ya Greenwich, haijaongezwa +3 ya Afrika Mashariki. Mzee wa watu alidhani kosa ni lake. Ukichagua kipindi kwenye ratiba, saa za kuanza na kumaliza zinajiandika zenyewe.

Ukiwa bado dukani, anza kurekodi kisha badilisha chaneli. Ving'amuzi vingi vya bei nafuu vina kipokezi kimoja, kwa hiyo wakati wa kurekodi vinakuruhusu kutazama zile chaneli tu zinazorushwa kwa masafa yaleyale. Kwetu lilikuwa jambo zito: mama ana tamthilia yake saa hiyohiyo.

Rimoti mpe atakayeitumia aishike. Kitufe cha kurekodi kiwe peke yake, maandishi yasomeke bila miwani.

Flashi ya GB 32 inatosha habari za wiki nzima. Saa moja ya chaneli ya kawaida hula kama GB 1, ya HD zaidi ya hapo. Iwe mpya, kwani king'amuzi kinaweza kuifuta yote kabla ya kuanza. Kama ni king'amuzi cha kulipia, uliza iwapo ulichorekodi kitafunguka kwenye kifaa kingine, maana mara nyingi hakifunguki.

Mwisho ni swichi ya ukutani. Baba ana mazoea ya kuzima kila kitu kabla ya kutoka, na king'amuzi kilichokatiwa umeme hakirekodi. Kizimwe kwa rimoti, taa nyekundu ibaki inawaka. Nilibandika karatasi juu ya soketi: "Hii usizime, baba."