Mwalimu mpya katika skuli ya dahalia: mambo ya kushika mwezi wa mwanzo

Walimu wengi wanaoajiriwa na skuli binafsi za dahalia (bweni) Unguja na Pemba huja wamejiandaa kwa darasa. Wana maazimio ya kazi, wana noti, somo wanalijua. Kinachowatoa jasho ni saa zilizobaki. Kengele ya mwisho ikishalia, watoto wa watu wanabaki mikononi mwa skuli mpaka kesho asubuhi, na usiku wa zamu yako skuli ni wewe. Kwa hiyo hapa tutazungumza zaidi juu ya saa hizo.

Kabla ya kutia saini

Omba mkataba wa maandishi, uusome kwa utulivu nyumbani. Ajira binafsi visiwani inaongozwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo anayetoka Bara asidhani kila kipengele kitakuwa kama alivyozoea. Mshahara kila mtu huutazama. Ugomvi huzuka baadaye kwa mambo haya: zamu ni ngapi kwa wiki, zinalipwa peke yake au zimo ndani ya mshahara, ukikesha, kipindi cha kwanza cha kesho yake nani anafundisha, nyumba ya skuli ina mita yake ya Tukuza (umeme wa kulipia kabla) au mnachangia, siku ya zamu unakula wapi, na likizo zipi dahalia haifungwi, maana Kidato cha Nne mara nyingi hubaki kambi ya mtihani na lazima mtu abaki nao. Hilo la kambi litamkwe waziwazi kwenye mkataba. Likibaki la mdomo, mwalimu mgeni asiye na familia karibu ndiye atakayeachiwa kila mwaka.

Uliza pia utaandikishwa lini ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Baada ya miezi mitatu nenda ofisi ya Mfuko uangalie taarifa ya michango yako. Kukatwa kwenye karatasi ya mshahara hakuthibitishi kwamba pesa imefika.

Beba vyeti halisi na nakala zilizothibitishwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi au cha NIDA, TIN na namba ya akaunti. Asiye Mtanzania asipande boti kabla kibali cha kazi na cha ukaazi havijashughulikiwa na skuli. Vyeti vyote vitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uwe navyo mkononi. Wakati wa kusi, bahari ya Pemba hurusha maji mpaka ndani.

Mavazi hayana mjadala mrefu: mwanamke nguo ndefu isiyobana, yenye mikono, na mtandio; mwanamme suruali ndefu na shati, na kanzu Ijumaa kama ni Muislamu. Skuli nyingi zina kanuni yake iliyoandikwa, iombe mapema.

Wiki ya kwanza: tembea kabla hujapewa zamu

Usikubali zamu ya peke yako kabla hujakaa mbili na mwalimu mzoefu. Katika zamu hizo mbili hakikisha umeona kwa macho: swichi kuu ya umeme, bomba la kufungia maji, funguo zote na kila moja inafungua wapi, sanduku la huduma ya kwanza, namba ya dereva wa usiku, na njia ya hospitali iliyo karibu. Njia hiyo ipite mwenyewe mchana. Saa nane za usiku si wakati wa kuuliza kituo cha afya kiko upande gani wa Wete.

Fanya na hesabu ya maji, kwa sababu uchafu, foleni ya vyoo na nusu ya ugomvi wa dahalia vinaanzia hapo. Chukua ndoo mbili za lita 20 kwa kila mtoto kwa siku, kuoga, choo na kufua vyote humo. Watoto 60 wanatumia lita 2,400. Tangi la lita 5,000 likijaa litakupa siku mbili, si zaidi. Maji ya bomba yakikatika Jumatatu asubuhi, Jumanne jioni agiza gari la maji; ukingoja Jumatano utakuta vyoo haviingiliki. Kila jioni ya zamu gonga tangi au chungulia, uandike kimo.

Kuhesabu

Hii ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ya zamu yanasameheka, mtoto kutojulikana alipo hakusameheki. Hesabu mara nne: baada ya sala ya alfajiri, kabla ya darasa la kwanza, kabla ya magharibi, na baada ya taa kuzimwa, kwa kawaida saa 4 na nusu usiku.

Hesabu ya usiku isifanywe kwa kuita majina. Rafiki huitikia kwa niaba ya rafiki, tena kwa sauti aliyoifanyia mazoezi. Pita kitanda kwa kitanda na tochi, nyanyua chandarua, utazame uso. Chandarua kilichochomekwa vizuri na mto uliolazwa chini ya shuka ndiyo hila ya zamani kuliko zote, na bado inafanya kazi kwa mwalimu anayeangalia kutoka mlangoni. Dahalia ya wasichana inahesabiwa na matroni au mwalimu wa kike. Mwalimu wa kiume haingii, na hata kwenye dharura anaingia akiwa na matroni.

Halafu jumlisha. Walio vitandani, walio chumba cha wagonjwa na waliotoka kwa ruhusa lazima wafanye idadi ya daftari. Andika kwenye daftari la zamu hivi:

Jumanne, saa 4:40 usiku. Daftari 64. Vitandani 59, wagonjwa 2, ruhusa 3. Jumla 64. Kitanda 17 kichwa kinamuuma, joto 37.4, apimwe tena saa 8. Taa ya choo cha nyuma imeungua. Tangi nusu. Funguo 6.

Mistari hiyo michache inamtosha anayekupokea. Walimu wapya huandika "hali shwari", na siku mzazi akija na malalamiko, "hali shwari" haimsaidii mtu yeyote.

Idadi isipotimia, hesabu mara ya pili hapo hapo. Muulize jirani wa kitanda, kwa upole, pembeni. Tuma kiongozi mmoja wa wanafunzi na mwenzake vyooni, msikitini, madarasani na nyuma ya jiko. Dakika 15 zikipita bila jibu mpigie mkuu wa dahalia, hata kama unaona haya kumwamsha. Usitoke kwenda kutafuta barabarani ukawaacha 63 kwa ajili ya mmoja.

Anayekuja kumchukua mtoto

Visiwani jamaa ni wengi, na kila mmoja anaona ana haki. Atakuja ami, mjomba, kaka wa mama mmoja, atasema bibi anaumwa na boti inaondoka saa moja ijayo. Mkaribishe kwa heshima, mpe kiti na maji. Kisha fungua orodha ya walezi. Kama jina lake halimo, piga simu kwa mzazi ukitumia namba iliyo kwenye daftari la skuli. Ile anayokusomea mgeni kutoka kwenye simu yake haikuthibitishii kitu. Mzazi akikubali, andika jina kamili, namba ya kitambulisho, saa, siku ya kurudi, naye atie saini. Mzazi asipopatikana mtoto hatoki, hata mgeni akikasirika. Watu wazima watakulaumu leo na kukushukuru baadaye.

Homa, maumivu na kuanguka

Kipimajoto kiwe mfukoni mwako wakati wa zamu. Nyuzi 38 na kuendelea mtoto anapelekwa kupimwa. Zanzibar malaria imeshuka sana, na kwa sababu hiyo watu huidharau; wengi wanaougua sasa wametoka safarini, kwa hiyo aliyerudi Bara karibuni akapata homa apimwe siku hiyo hiyo. Wewe mwenyewe pia.

Pata kwa muuguzi au matroni orodha ya wenye pumu, kifafa, kisukari na selimundu (sickle cell). Mtoto mwenye selimundu akilalamika maumivu ya mifupa au kifua, au akipata homa, asiambiwe avumilie mpaka asubuhi: mpe maji, mfunike, mpeleke hospitali. Kwa kuharisha, ambako masika huongezeka, pakiti moja ya ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) huchanganywa na lita moja ya maji salama, na wakifika watatu kwa usiku mmoja toa taarifa kituo cha afya, usingoje wa nne.

Lipo na lile la wasichana kuanguka kwa makundi, mmoja akipiga kelele na wengine wakifuata. Kila mtu ana maelezo yake, na imani za wazazi ziheshimiwe, lakini usiku ule cha kufanya ni kimoja. Waondoe watazamaji kwanza, kwa sababu umati ndio unaoeneza. Mlaze kila aliyeanguka mbali na mwenzake, na mtu mzima mmoja mtulivu wa kike. Asishikwe kwa nguvu, asipigwe, asimwagiwe maji. Asiyerudiwa na fahamu kwa dakika chache, au anayetikisika mwili mzima, ni wa hospitali. Kumwita mganga au msomaji si uamuzi wa mwalimu wa zamu; ni wa mzazi na mkuu wa skuli.

Anayekojoa kitandani mpe shuka ya akiba bila wengine kujua. Mtoto akiaibishwa kwa hili mara moja, huanza kutoroka.

Milango na moto

Mwaka 1994 wasichana 42 walikufa kwa moto katika bweni la sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro. Mwaka 2001 huko Kyanguli, Kenya, walikufa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kwa hiyo usiku kila dahalia iwe na milango miwili inayofunguka kutoka ndani bila ufunguo. Ukiambiwa mlango wa nyuma unafungwa kwa kufuli ili wasitoroke, pinga kwa maandishi. Utoro unazuiwa kwa kuhesabu. Pita kabla ya taa kuzimwa ukitafuta mishumaa, udi uliowashwa na pasi, na chaja zilizorundikwa kwenye tundu moja. Umeme ukikatika, tumia taa za betri tu.

Ramadhani

Ratiba yote inageuka. Jiko linawaka kabla ya saa 9 usiku kwa ajili ya daku, kwa hiyo mjue mapema nani ana ufunguo wa stoo. Masomo ya usiku yasogee baada ya tarawehe na yafupishwe, maana mtoto aliyelala saa 6 na kuamka saa 9 hasomi, anasinzia. Wagonjwa na wasichana walio kwenye siku zao wapate pa kula pa faragha bila kuulizwa mbele za watu. Mwalimu asiyefunga ale ndani, asionekane.

Mipaka yako na mtoto

Mwanafunzi haingii nyumbani kwako, awe wa kike au wa kiume. Ukitaka kuzungumza naye, kaeni barazani au darasani mlango wazi. Usimtumie ujumbe usiku, usipokee pesa ya tuisheni kwa mwanafunzi wako mwenyewe, na fimbo usiiguse. Kosa liandike, lifikishe kwa anayehusika.

Akikuambia amefanyiwa ubaya, msikilize bila kumhoji kwa maswali mengi na usimwahidi siri. Asioge, nguo zisifuliwe. Mjulishe mkuu wa skuli usiku huo na mtoto afikishwe Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachohudumia waliofanyiwa ukatili, kama kilichopo Mnazi Mmoja au Chake Chake. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72. Kama unaona jambo linafunikwa, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ni ya mwaka 2011, ipo mtandaoni, isome.

Darasani

Hapa utajimudu. Jua tu kwamba mtihani wa Kidato cha Pili unasimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na wa Kidato cha Nne na cha Sita ni wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa hiyo kusanya mitihani iliyopita ya pande zote mbili. Masomo ya usiku ni ya mwanafunzi kujisomea, usiyageuze kipindi cha kumalizia silabasi.

Siku ya kufunga

Watoto wanaovuka kati ya Pemba na Unguja wasafiri kwa makundi, na mwalimu mmoja kwa kila kumi. Kila tiketi iwe na jina la mtoto mwenyewe, kwa kuwa orodha ya abiria ndiyo itakayotafutwa likitokea la kutokea. MV Spice Islander ilizama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, imejaza kupita kiasi. Ukifika bandarini Mkoani ukaona chombo kimejaa, rudisheni mizigo kwenye gari, wapigieni wazazi, mlale skuli mpaka safari inayofuata. Bandarini Malindi, Unguja, kila mtoto akabidhiwe kwa aliyeandikwa kwenye orodha, kwa saini, na mwalimu asiondoke bandarini mpaka wa mwisho achukuliwe.