Mbu wa Lamu: namna ya kumzuia nyumbani bila kumfuata hadi mikokoni

Mwaka 2004, kati ya miezi ya Juni na Agosti, watu wa kisiwa cha Lamu waliugua nyumba baada ya nyumba, kwa homa iliyokuja na maumivu ya viungo yasiyomruhusu mtu hata kufunga kifungo cha kanzu. Nakumbuka wazee wa mtaani kwetu Langoni wakishuka ngazi kwa kukaa, kidato kimoja baada ya kingine, kwa kuwa magoti yalikataa kukunjika. Ugonjwa ulikuwa chikungunya, jina lililotoka katika lugha ya Kimakonde na lenye maana ya kupindana, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban watu 3 kati ya kila 4 walikuwa wameambukizwa. Jambo ambalo wengi hatukulitambua wakati ule ni kwamba ulikuwa msimu wa ukame. Hapakuwa na madimbwi ya mvua ya kulaumiwa. Mbu walioeneza ugonjwa walizaliwa ndani ya mapipa na mitungi yetu wenyewe, ambayo tuliijaza na kuiacha wazi kwa sababu maji yalikuwa adimu.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji ya nyumbani, na mafuta ya kujipaka yatafuata baadaye. Kabla ya hapo ni haki nieleze kwamba si kila mbu ni adui yetu. Duniani zipo zaidi ya aina 3,500 za mbu, na zinazotuletea maradhi ni sehemu ndogo tu. Dume haumi kamwe; chakula chake ni maji matamu ya maua, na jike naye huyanywa hayo hayo, ila hutafuta damu anapohitaji protini ya kutengenezea mayai. Katika kuzunguka maua hubeba chavua kutoka ua moja hadi jingine. Viluwiluwi wake hula vijidudu, mwani na majani yaliyooza majini, kisha wao huliwa na samaki wadogo na watoto wa kerengende, ilhali mbu aliyekwisha kuruka huwa riziki ya popo, mbayuwayu, buibui na yule mjusi kafiri anayevizia kando ya taa ya ukumbini. Ipo hata jamii ya mbu wakubwa iitwayo Toxorhynchites, ambayo jike wake hanyonyi damu maisha yake yote, na viluwiluwi wake hula viluwiluwi wa mbu wengine.

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na katika vidimbwi vya mikokoni ulaji huu huendelea mchana na usiku bila msaada wetu. Nasikitika ninapoona mtu amekwenda kumwaga mafuta machafu ya injini katika vidimbwi hivyo kwa nia ya kuua mbu, kwa kuwa mafuta hayo huua pia samaki na kerengende, na mbu, ambaye kizazi chake hukamilika kwa siku chache, hurudi kabla yao. Ni kweli kwamba mbu wa malaria wa aina moja katika pwani yetu huzaana katika maji yenye chumvi kiasi, kwa hiyo si sahihi kusema kwamba maji ya chumvi hayana mbu. Lakini anayeishi karibu na mikoko atajikinga kwa chandarua, wala hana sababu ya kuumwagia ufuo sumu.

Kwa kujikinga ni lazima kuwajua mbu watatu. Wa kwanza ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, aitwaye Aedes, anayeuma mchana, hasa saa moja hadi saa tatu asubuhi na tena kuanzia saa kumi alasiri hadi magharibi. Huyu ndiye wa chikungunya na wa dengi, ugonjwa ambao Waswahili wa zamani waliuita kidingapopo. Wa pili ni Anopheles, mbu wa malaria, ambaye huuma usiku na hutua huku ameinua sehemu ya nyuma juu. Wa tatu ni Culex, mwenye rangi ya kahawia, anayevuma sikioni usiku na kuzaana katika maji machafu ya vyoo na mitaro, na ambaye katika pwani hii hueneza matende na mshipa.

Huyo wa kwanza hutaga mayai yake juu kidogo ya usawa wa maji, katika ukuta wa chombo, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri chombo kijazwe tena. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo kisuguliwe ndani kwa brashi ngumu au kumbi la nazi, hasa pale palipo na alama ya maji, kisha kisuuzwe na kufunikwa. Kazi hii ifanywe mara moja kila wiki bila kuruka, kwa sababu katika joto letu yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Mimi huifanya kila Alhamisi alasiri. Huanza kwa kumulika pipa kwa tochi: viluwiluwi wananing'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji kwa ajili ya kupumua, na kivuli cha mkono kikipita juu yao wote hujipindapinda na kuzama kwa pamoja. Aliyewahi kuona hivyo katika maji anayotawadhia hahitaji kuhimizwa kusugua.

Birika la nyumba ya mawe, yaani tangi la maji lililojengwa ndani ya nyumba, haliwezi kumwagwa kila wiki, na wazee wetu walikuwa na jawabu lake. Waliweka ndani yake samaki wadogo wa maji baridi wa kula viluwiluwi, na katika nyumba nyingine walipachika bakuli la kauri sakafuni mwa birika, ili maji yakipungua samaki wabakiwe na mahali pa kukaa. Ufundi huo ungali unafaa. Samaki wawili watatu hutosha birika la kawaida, mradi maji hayatiwi klorini, kwani klorini itawaua. Asiyetaka samaki afunike birika kwa ubao uliokaa sawasawa, au kwa wavu mwembamba uliovutwa hadi pembeni. Kifuniko chenye mwanya wa kidole ni sawa na mlango ulioachwa wazi.

Baada ya birika zunguka nyumba nzima, kwa kuwa Aedes kwa kawaida haruki mbali, na mara nyingi haendi zaidi ya mita 200 kutoka alipozaliwa. Tazama vifuu vya nazi na madafu yaliyotupwa nyuma ya jiko, sahani iliyo chini ya chungu cha asumini, hori la maji ya punda, trei iliyo nyuma ya friji, magurudumu ya pikipiki na dau bovu lililolala kiwanjani likiwa limejaa maji ya mvua. Vinavyoweza kupinduliwa vipinduliwe, na dau litobolewe chini. Kwa choo cha shimo, funika tundu na weka wavu juu ya bomba la hewa. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga katika mashimo yenye maji punje nyepesi za povu jeupe, la namna ile linalofungiwa televisheni mpya, zikaelea na kufunika uso wa maji hata Culex akakosa pa kutagia.

Usiku kinga kubwa ni chandarua chenye dawa. Kikiwa kipya kianikwe kivulini kwa siku nzima kabla ya kutumika. Kikichafuka kifuliwe taratibu kwa sabuni ya kipande, na kianikwe kivulini vilevile, kwani jua huharibu dawa. Kichomekwe chini ya godoro pande zote, na kitundu kidogo kishonwe siku hiyo hiyo. Kwa matumizi mema huweza kudumu takriban miaka 3. Mama wajawazito na wenye watoto wachanga waulize kliniki, maana huko hugawiwa bila malipo.

Mchana chandarua hakimfuati mtu barazani, na hapo ndipo mafuta ya kufukuza mbu yana kazi. Soma kibandiko: yenye DEET (dawa ya kufukuza wadudu) ya asilimia 20 hadi 30 hukinga kwa saa kadhaa. Yapakwe juu ya ngozi iliyo wazi, hasa vifundo vya miguu, ambavyo kanzu na buibui haviwezi kuvifunika mtu aketipo. Mtoto aliye chini ya miezi 2 asipakwe, bali alale ndani ya chandarua hata mchana. Feni nayo husaidia kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mbu ni mrukaji dhaifu na upepo hutawanya pumzi na harufu zinazomwongoza kwetu. Moshi wa kivumbasi na wa majani ya mwarobaini hupunguza mbu kwa muda, nami huupenda, lakini usiwe badala ya chandarua, wala usifukizwe katika chumba kilichofungwa chenye mtoto.

Ikitokea homa baada ya yote haya, nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo. Vipimo vikionyesha hakuna, na mwili ukawa unauma viungoni au nyuma ya macho, tumia parasetamoli na maji mengi, na uepuke aspirini na ibuprofeni hadi daktari athibitishe kwamba si dengi, kwani dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Mgonjwa alazwe ndani ya chandarua mchana na usiku kwa wiki ya kwanza, kwa maana katika siku hizo virusi vimo katika damu yake, na mbu atakayemuuma ndiye atakayepeleka ugonjwa nyumba ya jirani.