Somo: Kupanga anwani za IP kwa orodha kwenye fayawoli ya MikroTik

Fungua fayawoli (sehemu ya ruta inayoamua nini kipite na nini kizuiwe) ya ofisi iliyopitia mikononi mwa mafundi wengi: utakuta 192.168.10.25 imetajwa kwenye sheria kibao na hakuna anayejua ni ya nani. Seva ikibadilishwa anwani, kazi ni kupekua sheria moja baada ya nyingine. Dawa ni address-list. Anwani zinakaa kwenye orodha yenye jina, na sheria inataja jina tu.

Hatua ya 1. Anza na karatasi. Orodhesha vifaa ambavyo fayawoli inapaswa kuvijua: kompyuta za wasimamizi, seva, kamera, printa. Vipange kwa kazi yake. Jina kama "ghorofa-2" halisaidii, maana sheria huandikwa kwa kazi. Tumia herufi ndogo, bila nafasi, na uwe makini: RouterOS (mfumo endeshi wa ruta za MikroTik) hailalamiki ukikosea jina. Ukiandika "wasimamzi", inakufungulia orodha mpya kimyakimya na sheria yako haimgusi mtu.

Hatua ya 2. Ingia Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik), fungua New Terminal, bonyeza Ctrl+X uingie Safe Mode. Ukijifungia nje na muunganisho ukakatika, ruta inarudisha mambo yalivyokuwa. Kisha:

/ip firewall address-list
add list=wasimamizi address=192.168.10.5 comment="laptop ya IT"
add list=kamera address=192.168.30.0/24 comment="kamera zote na NVR (kinasa video)"
add list=printa address=192.168.10.200-192.168.10.210

Hiyo /24 ni anwani zote za 192.168.30.x. Comment usiiruke: ni kifaa gani, nani aliomba, lini. Na kifaa cha kwenye orodha kipewe anwani ya kudumu kwenye DHCP (huduma inayogawia vifaa anwani), la sivyo kesho anwani ya msimamizi inaangukia simu ya mgeni.

Hatua ya 3. Sasa sheria. Input ni trafiki inayokuja kwa ruta yenyewe, forward ni inayopita kwenye ruta kwenda kwingine, WAN ni upande wa intaneti, accept ni kuruhusu na drop ni kuzuia:

/ip firewall filter
add chain=input src-address-list=wasimamizi action=accept
add chain=forward src-address-list=kamera out-interface-list=WAN action=drop

Ya kwanza inawaruhusu wasimamizi kuifikia ruta, ya pili inazuia kamera kutoka kwenda intaneti. Sheria husomwa kutoka juu kwenda chini, na mpya huangukia mkiani, kwa hiyo ile ya wasimamizi ivute juu ya sheria za drop. Ukiona !wasimamizi, maana yake ni yeyote asiyekuwemo. Sheria ya drop yenye alama hiyo, orodha ikibaki tupu, inafungia watu wote pamoja na wewe.

Ukiridhika, bonyeza Ctrl+X tena kutoka Safe Mode.

Hatua ya 4. Usafi. Usifute anwani moja kwa moja. Izime kwa disable, usikilize kama kuna atakayelalamika, ndipo uifute. Kujua orodha inatumika wapi: /ip firewall filter print where src-address-list=kamera. Angalia na upande wa dst-address-list (anwani za kule trafiki inakokwenda), pia kurasa nyingine za sheria za fayawoli: nat, mangle na raw.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimemtia mtu kwenye orodha ya kuzuiwa lakini video yake bado inacheza.*
Muunganisho wake ulishafunguka, na sheria ya established (inayoruhusu miunganisho iliyokwisha kufunguka) inaupitisha kabla haujafika kwenye drop yako. Nenda IP > Firewall > Connections uufute.

*Naweza kuweka jina la tovuti badala ya namba?*
Ndiyo, tangu RouterOS 6.36, ruta yenyewe inaulizia DNS (huduma inayogeuza jina kuwa anwani). Kwa seva moja ya mfumo wa mahesabu ni safi. Kwa YouTube usijisumbue: anwani ni nyingi, zinabadilikabadilika, na simu inaweza kupewa tofauti na iliyopewa ruta.

*Kuna fundi wa nje anakuja leo tu, nimwekeje?*
Ongeza timeout=8h mwishoni mwa amri. Muda ukiisha anajiondoa. Ila umeme ukikatika na ruta ikazimika, naye anapotea, utamwongeza upya.

*Orodha hizi zinashika na IPv6?*
Hapana kaka. IPv6 (aina mpya ya anwani za intaneti) ina zake, /ipv6 firewall address-list, na sheria zake. Kama mtoa huduma wako anakupa IPv6, kamera ulizozifungia hapo juu bado zinaweza kutoka kupitia huko.